Nyambizi yangu iliponasa kwenye bwawa la mama mkwe, Namboboto

Wakuu, habari za weekend.

Nimekuwa msomaji wa kimya humu ndani kwa muda mrefu. Nacheka na visa vyenu, naenda zangu. Leo ni zamu yangu. Haya yalinitokea mimi mwenyewe, mchana kweupe, na mashahidi wapo. Atakayesema ni chai, alete na mandazi tunywe pamoja.

Kwanza mnijue kidogo.

Mimi ni fundi wa friji hapa Busia, naishi Mundika. Kwetu ni upande wa Malaba, Mteso kabisa, ila nimeoa Msamia wa Namboboto anayeitwa Ajiambo.

Wengine hobby yao ni mpira, wengine ni betting. Mimi natengeneza nyambizi. Ndiyo, submarine. Ndogo, urefu wake kama mkono wangu, inaendeshwa kwa remote, inazama na kuibuka.

Najua mnacheka. Shemeji zangu walicheka kabla yenu.

Kazi ya friji ni vita na kuvuja. Kutwa nzima natafuta gesi inatorokea wapi. Siku moja nikaona video ya jamaa fulani anazamisha nyambizi yake ziwani huko majuu, nikasema huyu naye anapigana na kuvuja kama mimi, ila yeye anazuia maji yasiingie. Nikashikwa hapo hapo.

Mwili wa nyambizi yangu ni bomba la PVC. Pua ni kifuniko cha plastiki angavu nilichotoa kwenye taa ya nje iliyokufa, na ndani yake nimeweka balbu ya tochi. Mota imetoka kwa printa mbovu. Gasket, zile raba za kuziba maungio, nimekata mwenyewe, za friji.

Tumbo lake ni bomba la sindano ya ng'ombe, ile kubwa ya daktari wa mifugo. Kuna kimota kinachovuta ile sindano, maji yanaingia, chombo kinakuwa kizito, kinazama. Kikisukuma, maji yanatoka, chombo kinaibuka. Hakuna uchawi.

(Kwa wale watakaotaka kujaribu: msinunue remote za kisasa. Signal yake ikigusa maji inakufa, chombo kinakuwa kiziwi. Tafuta zile za zamani zenye antena ndefu ya kuvuta, kwenye magari ya watoto ya mtumba. Hizo zinapenya maji. Nililijua hili baada ya kuchota tanki zima la maji ya mvua kwa ndoo nikitafuta nyambizi yangu ya kwanza.)

Ajiambo ndiye aliyeipa jina. Anaiita Bi Mdogo, kwa sababu kila Jumapili mume wake yuko nayo. Mimi nikalikubali jina, nisingeshinda ile kesi.

Sasa shida yangu ilikuwa maji. Tanki la nyumbani ni dogo, ukigeuka kidogo umegonga ukuta. Mto wetu, unaoitwa Sio, una mkondo na una tope. Nilitaka maji yaliyotulia, mapana, yenye kina.

Na mtu wa pekee ninayemjua mwenye maji kama hayo ni mama mkwe wangu.

Mama ni mwalimu mstaafu, mjane, anafuga samaki aina ya ngege kwenye bwawa moja refu linaloanzia karibu na barabara mpaka kwenye migomba nyuma ya nyumba yake. Lile bwawa ndilo maisha yake. Anawajua wale samaki kuliko anavyotujua sisi wakwe.

Hapa inabidi nieleze kitu kwa wale wa mbali.

Kwa watu wa kule, na hata kwetu Wateso, mkwe wa kiume na mama mkwe hawazoeani. Hamshikani mikono. Hampeani kitu mkono kwa mkono. Mkikutana njiani, mmoja anakata kona. Si ugomvi, ni heshima. Vijana wa siku hizi wameliacha hilo, lakini mama ni wa ile shule ya zamani na mimi nilimfuata hapo hapo alipo.

Tangu nioe mpaka siku ile, sikuwa nimewahi kuongea naye moja kwa moja. Kila kitu kinapitia kwa Ajiambo. Ninajua mama anapenda chai ya tangawizi, yeye anajua kwamba mimi sili matumbo, na hatujawahi kuambiana.

Basi Ajiambo akaniombea ruhusa. Jibu likarudi: "Ajaribu tu, maji ni maji."

Tukaenda Jumamosi. Wiki iliyofuata kulikuwa na kumbukumbu ya marehemu baba mkwe, na wale ngege walikuwa wamepangiwa kulisha wageni. Kumbukeni hilo.

Nikasimama upande wa barabara. Mama, kwa heshima, alikaa kule mwisho kwenye migomba, ametupa mgongo.

Nikamweka Bi Mdogo majini. Nikabonyeza. Akashuka polepole, ile taa yake ikawa duara la njano ndani ya maji ya kijani, kisha likaanza kusonga kuelekea nyumbani.

Wakuu, siwezi kuwaelezea ile raha. Nilikuwa natabasamu peke yangu kama mtu aliyepata mtoto.

Majirani wakaanza kukusanyika. Mmoja anaitwa Wandera, mtu wa msaada sana na maswali mengi.

Bi Mdogo alifika karibu na migomba vizuri kabisa. Nikamgeuza arudi kwangu.

Hakurudi.

Ile taa ikasimama katikati ya bwawa. Nikaongeza mwendo, wapi. Nikabonyeza apande juu, akatingishika kidogo, akabaki. Nikabonyeza tena na tena. Sisi mafundi tuna huo ugonjwa, kitu kikigoma tunaongeza nguvu.

Hapo ndipo nikakumbuka betri.

Betri niliyotumia ni ya taa ya emergency, zile nzito zenye asidi. Niliichagua kwa sababu uzito wake unasaidia kuzamisha. Kama gasket ingeachia, ile asidi ingeingia kwenye bwawa la mama. Sijui ingeua samaki wangapi, labda hata mmoja asingekufa. Lakini sikutaka kuwa mkwe aliyekuja kulijua jibu wiki ya kumbukumbu ya mzee.

Mtaniuliza kwa nini sikuruka ndani.

Nivue nguo? Kwa mama mkwe? Mbele yake na majirani? Wakuu, hiyo kule si aibu ya siku moja. Hiyo inatafutiwa mbuzi na wazee wa kukaa kikao.

Wandera akaona ninavyohangaika. Akaanza kufungua vifungo vya shati.

"Boss, wacha mimi niingie. Hii pond naijua."

Kabla hajamaliza, sauti ikapasuka kutoka kwenye migomba.

"Asiingie mtu! Mtu yeyote asiingie kwa hiyo maji!"

Wandera akafunga vifungo vyake. Mama hajawahi kupaza sauti nikiwepo. Nikajua nimeharibu, na nyumba ya wakwe nimeipoteza kwa sababu ya bomba la PVC.

Ajiambo akakimbia kwa mama yake. Nikawaona wananong'ona. Akarudi akizunguka bwawa lote, ameshika viatu mkononi, akanisogelea sikioni.

"Mama anasema usipandishe. Shukisha."

"Nishukishe? Si itazama kabisa?"

"Mimi nimetumwa tu."

"Muulize kwa nini."

Akaenda. Akarudi anahema.

"Anasema kuko na matawi ya miiba chini. Aliweka yeye mwenyewe, ya wezi. Usiongee kwa sauti."

Nikaelewa yote kwa mara moja. Kule watu wakitaka kuiba samaki wanaingia na wavu usiku, wanauvuta kuelekea barabarani. Mama alikuwa amechomeka matawi ya miiba sakafuni mwa bwawa, yote yameinama kuelekea nyumbani, ili wavu ukivutwa unase na kuchanika. Hakumwambia mtu, hata binti yake. Na angewezaje kuiropoka siri hiyo mbele ya majirani, ambao mmoja wao huenda ndiye mwenye wavu?

Kwa hiyo Bi Mdogo wakati wa kwenda aliteleza juu ya matawi bila shida. Wakati wa kurudi akaingia chini yake. Na kila nilipombonyeza apande, nilikuwa nazidi kumkandamiza kwenye miiba.

Mimi sikuuliza chini kuna nini kwa sababu mkwe haulizi. Yeye hakuniambia kwa sababu mama mkwe hasemi, tena alidhani ni kamashua ka kuelea juu. Heshima yetu wote wawili ndiyo iliyonasa kule chini.

Nikabonyeza kushuka. Wakuu, kidole kilikataa mara ya kwanza. Betri ilikuwa inachoka, taa imeanza kuwa nyekundu. Ningemjaza maji, halafu betri ife, asingepanda tena.

Nikajaza. Taa ikafifia, ikaenda chini zaidi.

Ajiambo tayari alikuwa anakuja mbio.

"Sasa rudisha nyuma. Upande wa nyumba. Pole pole."

Nikarudisha nyuma. Taa haikusogea. Kisha ikasogea kidogo.

"Anasema kulia kidogo. Kulia ya Bi Mdogo, si yako."

Nikapinda. Ajiambo alikuwa ameacha kukimbia kote, sasa amesimama katikati ya ukingo, anapokea upande huu na kurusha upande ule kwa ishara za mikono. Mama bado ametupa mgongo, ila shingo ilikuwa imegeuka mpaka mwisho.

Halafu nikasikia tu, "Amepita!"

Haikuwa sauti ya Ajiambo.

Nikasukuma maji yote nje. Bi Mdogo akaibuka pale pale mbele ya migomba, ana kijitawi cha mwiba begani, na taa yake ikazimika. Betri ilikuwa imekwisha. Majirani wakapiga makofi.

Nikakimbia kuzunguka bwawa kumchukua. Mama naye, kwa furaha, alikuwa ameshaingia majini mpaka magotini na kumnyanyua. Nilipofika pembeni, tukajikuta tumesimama uso kwa uso, yeye amenyoosha mikono na nyambizi, mimi nimenyoosha yangu kuipokea.

Tukaganda wote wawili.

Sikuwa nimewahi kuuona uso wake kwa karibu. Ana pengo dogo mbele, kama la Ajiambo.

Akainama, akaiweka kwenye nyasi, akarudi nyuma, akanipa mgongo. Nami nikasogea, nikaichukua, nikarudi nyuma. Nikakagua gasket, kavu kabisa. Nilitaka kupiga magoti nimshukuru Mungu.

Ajiambo alikuwa ameenda kutafuta viatu vyake. Tulikuwa sisi wawili tu na ile migomba.

Nikasikia: "Hiyo taa yake, inaweza ona mpaka chini?"

Nikageuka kutafuta mtu wa kunitafsiria. Hakuna. Nikaijibu migomba.

"Inaweza, mama. Nikiweka kamera."

"Basi weka."

Wakuu, hayo ndiyo maneno ya kwanza mama mkwe wangu kuniambia tangu nimwoe binti yake. Nilirudi Mundika siku ile nikiendesha pikipiki huku naimba, Ajiambo nyuma ananifinya mbavu ninyamaze.

Kumbukumbu ya mzee ilifanyika. Ngege walitosha, na mimi niliwekewa mkubwa.

Kamera niliweka, ndogo, ya kunasa picha kwenye kadi. Betri ya asidi nikaitupilia mbali, sasa natumia za tochi. Kila tukienda Namboboto, Bi Mdogo anazunguka chini, kisha mama anatazama kwenye simu ya Ajiambo: tawi gani limeoza, samaki wamelala wapi. Matawi yamehamishwa. Wandera ameniuliza mara kadhaa yako wapi siku hizi, kwa kunihurumia nisinase tena. Nimemwambia hata mimi sijui.

Nilichojifunza ni hiki. Heshima si kunyamaziana hadi kitu kiharibike. Unaweza kumpa mtu mgongo wako na bado ukamuuliza kabla hujaingia kwenye maji yake. Na kitu kikigoma, usiongeze nguvu tu. Shuka kwanza, tazama kimeshikwa wapi.

Mara ya mwisho mama aliomba remote. Nikaiweka kwenye nyasi, nikarudi nyuma, akaichukua. Akampitisha Bi Mdogo katikati ya miiba yote, kwenda na kurudi, bila kugusa hata tawi moja.

Haya, nawaachia uwanja. Nani mwingine humu amewahi kukwama ukweni na akaokolewa na yule asiyeruhusiwa kumtazama? Mwenye swali la gasket pia karibu, nitajibu jioni nikitoka kazini.

Ajiambo amesoma hii kabla sijaipost. Anasema niongeze kwamba siku hizi yeye anakaa kivulini na soda yake, na hakuna anayemtuma popote.