Mke Mwenza wa Bibi Yangu

Bibi yangu alianza kuniita mke mwenza siku ileile nilipoletwa kwake, nikiwa na miaka minne na kamasi hadi mdomoni. Baba alikuwa akifua mashuka kwenye hoteli moja ya Diani, na yeye na mama walikuwa wamepanga chumba Ukunda ambacho ukifungua mlango unagonga kitanda. Mtoto hakuwa na pa kulala. Nikapelekwa kwa wazazi wa baba, kijijini nyuma ya Msambweni, kwenye nyumba ya udongo na makuti iliyozungukwa na minazi na mikorosho. Bibi alinipokea mlangoni, akashika kiuno, akamgeukia babu: "Kumbe huyu ndiye uliyekuwa ukinificha!" Mimi nikaangua kilio. Wao walicheka mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini.

Kwetu utani huo ni wa kawaida kabisa. Mjukuu wa kike ni mke wa babu yake, wa kiume ni mume wa bibi yake, na faida yake ni kwamba mtoto anapata ruhusa ya kumjibu mtu mzima ambaye vinginevyo angemwamkia shikamoo na kunyamaza. Lakini bibi yangu hakujua kufanya jambo nusunusu. Aliutungia ukewenza wetu sheria na mipaka. Kazi yangu ilikuwa kumpelekea babu maji ya kutawadha, na kazi yake ilikuwa kumpakulia chakula. Kichwa cha samaki kilikuwa chake kwa sababu alitangulia kuolewa. Ukoko wa wali ulikuwa wangu kwa sababu nilikuwa na meno. Tukigombana, na tuligombana kila siku, alinifukuza jikoni na mwiko mkononi: "Chukua vyombo vyako urudi kwenu!" Nami nilikuwa na jibu langu, alilonifundisha yeye mwenyewe: "Nimekuja kukaa. Nenda wewe!" Hapo alijifunika leso usoni akajifanya analia, na babu akaitwa aamue. Babu alikuwa mkwezi wa minazi aliyestaafu, mpole, magoti yamemwisha kwa kupanda na kushuka. Kesi zetu zote aliziamua kwa namna moja. Alisema ana njaa.

Utani huo uliwahi kutupeleka pabaya mara moja. Nilikuwa darasa la tano, na kulikuwa na mwalimu mpya kutoka bara, kijana aliyelelewa mjini, mbali na bibi na babu zake. Siku hiyo nilichelewa, akaniuliza sababu mbele ya darasa. Nikamjibu bila kufikiri kwamba mke mwenzangu alinituma kisimani. Darasa zima halikushtuka, lakini mwalimu alikaa chini. Kesho yake babu aliitwa shuleni. Alikwenda amevaa kanzu ya Idi, kwa kuwa hakujua ameitiwa nini, na bibi akafuatana naye kwa kuwa hakupenda kupitwa na jambo.

"Mzee," mwalimu alisema, "hii maneno ni mbaya sana. Mtoto anasema ako na mke mwenza."

"Ni mimi hapa," bibi akajibu, akajivuta mbele. "Na ni mvivu, mwalimu! Huyo hajui hata kukuna nazi."

Ilibidi mwalimu mkuu, mtu wa kwetu, aje kueleza, na hata yeye alichukua muda kabla ya kuweza kusema, kwa kucheka. Mwalimu yule mgeni aliona haya mpaka nikamhurumia. Bibi alimpelekea madafu manne kumtuliza. Tangu siku hiyo kila walipokutana njiani alimwuliza kama bado hajaoa, au amwazime mke mwenza wake wa kumsaidia kufua.

Nimeisimulia hadithi hiyo mara nyingi, watu hucheka, na mimi hucheka nao. Sijawahi kuwasimulia yaliyofuata, kwa sababu ndani yake nimo mimi na kosa langu.

Nilipofaulu nilipelekwa shule ya bweni huko juu Kwale, kwenye kilima, ambako asubuhi kuna baridi ambayo watu wa pwani hatukuumbiwa. Nilikuja nyumbani likizo tu. Ulipofika mwaka wa ile mvua kubwa, mvua iliyokata barabara na kuangusha nyumba za udongo mikoani kote, bibi alikuwa ameanza kusahau vitu. Alitia chumvi kwenye mchuzi, akaenda kutazama kuku, akarudi akatia tena. Alimwita shangazi yangu kwa jina la dada yake aliyekufa zamani. Babu alisema ni uzee tu. Mikono yake ilikuwa mizima: ukimpa miyaa alisuka ukili wa mkeka bila kuangalia, sawasawa kama zamani, na sisi tukajidanganya kwamba mtu ambaye mikono yake haikosei hawezi kuwa amepotea sana.

Likizo ya Aprili, mvua ikiwa imepungua, nilifika nyumbani na sanduku langu la bati kichwani. Bibi alikuwa amesimama mlangoni. Nikamwamkia shikamoo, hakuitikia. Alilitazama sanduku, akanitazama mimi, akaniuliza, "Umekuja na vyombo vyako?"

Nilifurahi mno. Muhula mzima nilikuwa nimekula maharage yenye wadudu na kuamshwa kwa kengele, na sasa huyu hapa, bibi yangu, ananipokea kwa mchezo wetu. Nikaweka sanduku chini, nikashika kiuno. "Nimekuja kukaa," nikamwambia. "Nenda wewe!"

Hakujifunika leso. Alipita pembeni yangu, akatoka, akakaa chini nje ya uzio, juu ya mchanga mtupu. Alikaa huko mpaka alasiri. Babu alipomfuata kumwomba aingie ndani, alimwambia maneno ambayo babu hakutaka kunirudia. Nilimlazimisha. Alikuwa amesema, "Miaka yote hii nimekuzalia, leo unaniletea mwanamke wa kunifukuza."

Nimezungumza na watu wenye elimu kuhusu maradhi yale, na wote huniambia kwamba yangekuja tu, kwa njia hii au ile. Mimi siwaamini. Alikuwa amesimama pale mlangoni akitafuta mimi ni nani, na mimi ndiye niliyemjibu.

Basi nikawa mke mwenza kweli. Babu aliacha kuniita mke wangu, akaanza kuniita mjukuu wangu kwa sauti kubwa, mara kumi kwa siku, kama mtu anayenadi samaki. Bibi akasema tumepanga kumficha. Alificha mbuzi ya kukunia nazi ili nisipike. Nikipika, hakula, aliacha chakula kikaingia baridi, kisha akachemsha muhogo wake mwenyewe na kuula peke yake akiwa amenipa mgongo. Nikipita alifyonza. Wanawake waliokuja kumjulia hali aliwaambia kwamba mimi ni mchawi na kwamba miguu yangu ni mibaya. Kuhusu miguu sina la kubisha. Wanawake wale walinijua tangu nikiwa mdogo, wakaangalia pembeni, wengine wakicheka na wengine wakijifuta macho.

Nilikuwa na miaka kumi na saba na hasira za karibu. Nilimkasirikia babu kwa upole wake, nikamkasirikia baba aliyekuja siku zake za mapumziko na mkate wa hoteli, akakaa saa moja na kuondoka. Nilimkasirikia hata bibi, na hilo ndilo linaloniuma. Kuna siku alinimwagia maji ya kuoshea samaki nami nikampigia kelele kama mtu wa rika langu. Nilitaka kitu kimoja tu. Nilitaka aniite mjukuu wake, mara moja, kabla hajaondoka duniani. Baada ya hapo angeweza kunichukia anavyotaka.

Likizo ya Agosti shangazi alipata wazo. Shangazi alikuwa hodari wa mawazo. Alisema bibi amesahau sura yangu ya ukubwani, lakini ile ya utoto huenda bado anayo. Akafukua chini ya kitanda sare yangu ya shule ya msingi, gauni la bluu lenye kola nyeupe iliyogeuka njano. Tulipambana kulivaa jikoni, yeye akivuta, mimi nikipumua kwa nusu. Vifungo vya mgongoni vilikataa kabisa. Pindo lilinifika juu ya magoti, nikajifunga leso chini yake kwa heshima. Shangazi akanisuka nywele mistari miwili, akarudi nyuma kunitazama, akaziba mdomo asicheke. Hata mimi nilicheka. Kisha nikatoka uani, nikasimama mbele ya bibi, mikono nyuma, nikamwamkia kwa sauti ya mtoto wa darasa la kwanza.

Aliweka ukili chini. Alinitazama kuanzia juu hadi chini, na uso wake ukabadilika, nami nikamsogelea. Halafu akamgeukia babu, machozi yakimtoka.

"Sasa amevaa mpaka nguo za mjukuu wangu," akasema. "Mtoto wa watu akirudi atavaa nini?"

Nililivua lile gauni kwa kulichana. Sikujaribu tena.

Desemba nilirudi nyumbani na kukuta amekonda sana. Alikuwa hatembei ila kwa kushikwa, tena si nami. Ramadhani ilikuwa siku chache mbele, na kwetu hizo ndizo siku ambazo watu hupitiana kuombana radhi, ili mtu aingie kwenye funga moyo wake ukiwa mweupe. Majirani walikuja, wakamshika mkono, wakasema tusameheane, naye akaitika vizuri, maneno yote mahali pake, kama alivyoitika maisha yake yote. Hatukujua kwamba Ramadhani hiyo hataimaliza.

Asubuhi moja nilikuwa nikifagia uani, babu akaja akiburuta magoti yake. Hakunitazama. "Anakuita," akasema. "Amesema niitie mke mwenzangu."

Nilimkuta ameketi kwenye mkeka, ukuta nyuma yake, amevaa leso safi. Akanionyesha mahali pa kukaa. Tangu Aprili hakuwahi kuniambia kaa. Nikakaa. Babu akabaki mlangoni.

"Mke mwenzangu," alisema, "mwezi huo waingia. Mimi nimekuonea. Nimekunyima chombo, nimekutukana mbele za watu, nimekuita mchawi wala sikukuona na uchawi. Ni wivu tu. Nakuomba radhi kwa Mungu na mtume wake."

Akanyoosha mkono. Mkono ule ulinilea, na sasa ulikuwa umenyooshwa kwa mtu mwingine. Maneno yangu nilikuwa nayo tayari, nimeyabeba miezi yote hiyo: Bibi, ni mimi. Nilimtazama babu, naye akatazama miguu yake. Nilijua nikiyasema atachanganyikiwa, atapiga kelele, ataingia mwezi mtukufu na deni kifuani, akiamini kwamba aliomba msamaha akanyimwa. Na nikisema nimekusamehe, basi nimekubali kwa mdomo wangu kwamba mimi si mjukuu wake. Nakiri kwamba nilisita. Nakiri pia kwamba nilikasirika, hata hapo, kwamba ni mimi niliyetakiwa kuchagua.

Nikaushika mkono wake. "Nimekusamehe, dada," nikasema. "Na wewe unisamehe."

"Nimekusamehe, duniani na akhera."

Tukakaa. Hakuniachia mkono. Kuku aliingia, babu akamfukuza, akarudi tena. Nilikuwa nikijitahidi nisilie, kwa sababu mke mwenza angelia kwa sababu gani?

"Kumbe una moyo mzuri," bibi akasema baadaye. "Basi nitakuachia jambo. Nina mjukuu wangu, yuko shule huko juu Kwale. Kila wakifunga shule namngoja hapo mlangoni, haji. Sijui nilimkosea nini. Akija na mimi sipo, mwambie nilimngoja."

"Nitamwambia."

"Wamjua?"

"Namjua."

"Ana mdomo," akasema, akanisogelea, akashusha sauti ili babu asisikie. "Atakujibu, atakuudhi. Usimpige, mke mwenzangu. Usimnyime chakula. Ni mtoto yule, hana mwingine hapa ila mimi."

Nikamwahidi kwamba nitamtunza.