Ngeu Bila Samli

Mimi sina mkono mbaya. Nilisema hivyo miaka ya hamsini nikiwa mke mgeni pale Kenyamonta, na leo, meno yakiwa yamepungua, nasema vilevile.

Mama mkwe wangu alikuwa mfinyanzi. Vyungu vyake vya pombe vilisifiwa hadi Manchira kwa umbo. Kwa umbo tu, maana rangi ilimshinda. Alitaka mkanda mwekundu shingoni mwa chungu, akaupaka kwa ngeu, udongo ule mwekundu ambao vijana walijipaka siku za ngoma. Na kwa kuwa ngeu ya mwilini hukorogwa na samli ili ing'ae, ya chungu pia aliikoroga na samli. Kabla ya moto mkanda uling'aa kama shavu la bwana harusi. Ukitoka motoni ni mweusi, na pengine umebanduka kabisa.

Kabla sijaolewa alilaumu kuni. Nilipofika, lawama ikanihamia mimi: kuna mkono mbaya unaogusa udongo. Siku moja vyungu vitatu vya harusi ya wifi yangu vilitoka na madoa meusi, akaniita mbele ya majirani.

"Mkamwana, tutafinyanga vingine vitatu. Vikitoka hivi tena, hutagusa udongo wangu. Utashika jembe tu."

Jembe sikuliogopa. Lakini ufinyanzi alinifundisha mama yangu, kwetu Tarime, na ndicho kitu pekee nilichokuja nacho ambacho hakuna mtu wa mji ule aliyenipa. Damu ilinichemka.

"Mama, samli ndiyo inaharibu," nilisema. "Inaungua, inatoa moshi, ngeu inakosa pa kushika."

"Ngeu bila samli ni matope!"

Watu walicheka. Mume wangu alitazama ng'ombe.

Sikubishana tena. Nilifinyanga vipande bapa vya udongo, vidogo kama kiganja, nikavikwaruza nyuma kwa ukucha ili nisisahau. Mkwaruzo mmoja: ngeu na samli. Miwili: ngeu na maji matupu. Mitatu: ngeu na uji mwepesi wa udongo uleule wa vyungu, nilioupitisha kwenye kitambaa. Nikavichoma kwa samadi kavu nyuma ya zizi. Cha kwanza kilitoka cheusi. Cha pili kilikuwa chekundu, lakini kiliacha rangi yote kwenye kidole changu. Cha tatu kilishika. Nilichoma tena, na tena, maana mara moja ingeweza kuwa bahati, na mimi bahati sikuitaka. Mara zote tatu kilishika.

Siku ya kuchoma vyungu vya harusi, mama mkwe alipaka viwili kwa samli yake. Cha tatu nilikivuta kwangu bila kuomba ruhusa, nikakipaka uji wangu mbele ya macho yake, nikakisugua kwa kokoto ya mtoni mpaka kikawa laini. Kisha nikavibeba vyote vitatu mwenyewe, kwa mikono hii hii, nikavipanga kwenye moto mmoja. Nilitaka kila mtu aone.

Vyake vilitoka na madoa. Changu kilitoka na mkanda mwekundu kama pilipili mbivu. Alilamba kidole gumba, akausugua. Akaukwaruza kwa ukucha. Haukutoka. Akakiacha pale, akaondoka.

Harusini chungu changu kiliwekwa mbele. Mgeni mmoja akauliza ni kazi ya nani.

"Udongo ni wangu," mama mkwe alijibu.

"Na rangi ni yangu," nilisema, kwa sauti ya kufika hadi mlangoni.

Hakuniomba radhi, siku ile wala nyingine. Lakini tulipokaa tena kufinyanga, nilitafuta kibuyu cha samli mahali pake pa siku zote, sikukiona. Kilikuwa jikoni, kando ya ugali. Mama mkwe alininyooshea bakuli tupu bila kunitazama.

"Nitilie huo uji wako," alisema.

Nilimtilia, lakini si kabla ya kumwacha asubiri kidogo.