Uji wa Siku ya Kupimwa

Binti yangu alipopata mimba ya kwanza, kliniki walimwambia ana sukari. Alikuwa ameolewa Mbale, lakini kwetu kifungua mimba huzaliwa kwa mama, basi akaja kwangu Kimaka, kule Jinja, na tumbo la miezi saba. Kila wiki wakamchoma kidole. Wakamkataza soda, wakamkataza viazi vitamu, na kwa viazi vitamu alilia kabisa. Akajifungua salama mtoto wa kike, mkubwa mpaka wakunga wakaitana kumtazama. Wakampima mama mtu, sukari imeshuka. Kondo la nyuma nikalizika kwa mikono yangu nyuma ya nyumba. Nikajua na sukari nimeizika.

Kabla hatujatoka wodini sista alisema baada ya wiki sita arudi kupimwa tena, asubuhi, bila kula kitu. Alisema mbele yangu. Sitadanganya kwamba sikusikia.

Wiki sita ni arobaini na siku mbili juu yake. Nilimlea binti yangu kama nilivyolelewa mimi: maji ya moto, mchuzi wa pilipili manga, na uji mzito wa ulezi kila alfajiri ili maziwa yasikauke. Siku ya kupimwa ilipofika akasema, "Mama, leo nisile."

"Unanyonyesha. Mzazi hatoki mlangoni kwangu na tumbo tupu."

"Sista ndiye aliyesema."

"Sista amezaa wangapi?"

Akacheka, akanywa. Vikombe viwili. Sukari nilitia mimi.

Hospitalini tulikaa kwenye benchi na wanawake wengine. Sista wa zamu alikuwa msichana, umri wa wajukuu zangu wakubwa. Akamuuliza, "Umekula?" Binti yangu akanitazama.

"Amekunywa uji tu," nikasema.

"Jaja, uji si chakula?" akasema, akiniita bibi kwa lugha ya kule.

"Uji ni uji."

Benchi zima likacheka. Sista hakucheka. "Sasa nipime nini, jaja? Nipime uji wako? Arudi kesho, na wewe ubaki nyumbani." Wakacheka tena, na safari hii walinicheka mimi.

Nimezaa saba na kuzika wawili, sijawahi kufukuzwa na mtoto mbele za watu. Nikachukua mfuko, nikamwambia binti yangu twende, wewe ni mzima, mgonjwa hatoi maziwa namna hii. Njiani akauliza, "Kesho nirudi?" Nikasema kesho mumeo anakuja kukuchukua. Ilikuwa kweli. Lakini mkwe wangu ni mtu mpole, ningemwambia angoje siku moja angengoja. Sikumwambia.

Wakaenda kwao, chumba kimoja karibu na viwanda vya Mbale. Nilipopiga simu niliuliza maziwa, meno ya mtoto, mvua. Kupimwa sikuuliza, maana sikutaka kukumbuka lile benchi. Mwaka wa pili akaniambia ana kiu, anakunywa maji jerikeni nzima. Nikamwambia ni vumbi la Mbale. Akaniambia usiku anaamka kukojoa mara nyingi. Nikamwambia punguza maji.

Mwaka wa tatu akashika mimba nyingine, mtoto akafia tumboni, nami nikaenda Mbale kumuuguza. Ndipo wakampima. Mashine ilionyesha juu sana, wakaleta nyingine, nayo ikasema hivyo hivyo. Daktari akamuuliza, "Baada ya yule wa kwanza hukupimwa?"

"Nilienda," akasema.

Mimi nilikuwa nimesimama pale pale, nimeshika kanga yake.

Sasa naishi nao Mbale. Dawa siku nyingine ipo, siku nyingine tunaambiwa turudi wiki ijayo. Macho yameingia ukungu, na daktari amesema uliokwisha kuingia hautoki. Kidole gumba cha mguu kilikatwa mwaka jana kwa kidonda cha ndala tu, kidonda hakikufunga, kimepanda. Mtoto, yule mkubwa wa wakunga, ndiye anayemshika mama yake mkono kwenda chooni. Ana miaka mitano.

Uji bado napika, bila sukari. Juzi alikunywa nusu, akaweka kikombe chini akiitafuta sakafu kwa vidole. "Mama," akasema, "ule wa Kimaka ulikuwa mtamu." Hakuwa ananilaumu. Alikuwa na hamu nao tu. Afadhali angenilaumu, ningejua la kujibu.

Sasa tuko wodini, kesho wanakata mguu chini ya goti. Sista amekuja kitandani, amesema tangu usiku asile kitu, asinywe kitu, kisha akanigeukia mimi ninayemuuguza akarudia polepole kama mtu anayeongea na kiziwi. Nimemjibu, "Nimesikia, sista." Sufuria ya uji nimeiosha, nimeifunika, nimeiweka chini ya kitanda.