Pikapu ya Chama cha Kuzikana

Bernadina alikuwa mhudumu wa afya wa kijiji kimoja huko Ngenge. Kwa miaka tisa alipima watoto, akajaza rejista, na akawashika mkono waliokuwa wanakufa. Hilo la mwisho hakufundishwa na mtu. Ila hakuwa na kingine cha kuwapa.

Mwezi wa nne aliyekuwa anakufa ni Ma Kokushubila, mjane, saratani ya kizazi imemla hadi mgongoni. Zahanati ilikuwa na panado. Mofini, dawa ya maumivu makali, ilikuwa Bukoba, na Lilian, nesi wa hospitali kule, hakuficha kitu kwenye simu: "Dawa ipo kabatini, dada. Lakini hapewi kondakta wa basi ailete. Njoo na kadi ya mgonjwa, usaini mwenyewe."

Aende na nini? Mvua ilikuwa imezoa kalavati, basi halifiki, na bodaboda waliliogopa lile tope. Gari moja tu liliweza kupita: pikapu ya chama cha kuzikana. Bernadina akamwendea mwenyekiti, Ta Onesphory, mzee wa kanisa asiyekosa ibada.

"Katiba inasema gari ni la msiba," Ta Onesphory alimjibu, kwa upole kabisa. "Na Ma bado anapumua. Tukianza kubeba wagonjwa, siku ya maiti tutabeba na nini?"

Sisi watu wa huku tuna huruma tele, ila tunaitunza mpaka mtu apoe.

Jumanne Ma Kokushubila aliuma khanga hadi ikachanika. "Mwanangu," akamwambia Bernadina, "toka uani upige yowe. Waambie nimekufa. Gari litakuja."

"Mawe!" Bernadina akashtuka. "Aliye hai haliliwi, Ma. Ni kumwitia kifo."

"Kiite basi! Kimechelewa."

Bernadina hakutoka. Aliogopa mwiko, akaogopa na midomo ya majirani, na kwa siku mbili alimsikiliza mwanamke mzima akilia kama ndama. Alhamisi asubuhi kilio kikakatika. Binti wa marehemu, Evodia, akapiga yowe, na kabla maji ya kumwoshea mama yake hayajapata moto, pikapu ilikuwa uani na turubai, masufuria, mikungu ya ndizi na wanaume wenye majembe. Kisha ikaenda Bukoba kuchukua jeneza. Ilipita mbele ya lango la hospitali ikienda, ikapita tena ikirudi. Ta Onesphory alisifiwa kaburini kwa utaratibu mzuri.

Wiki mbili baadaye ikawa zamu ya Aroni, mwenye saratani ya tezi dume iliyokwisha kuingia mifupani. Safari hii Bernadina hakwenda kwa mwenyekiti. Alichukua kadi ya mgonjwa, akasimama katikati ya uwanja wa Aroni, mikono kichwani, akapiga yowe. Kemilembe, mke wa Aroni, alikuwa kibanjani akichimba viazi. Alitupa jembe akaanguka, akagaragara akiliita jina la mumewe. Aroni, kitandani, alisikia anavyoombolezwa. Bernadina alijua kwamba anasikia, na jambo hilo lilimchoma, lakini hakunyamaza.

Pikapu ilifika upesi kama kawaida yake. Ta Onesphory akashuka na turubai begani, akaingia ndani, akatoka ametumbua macho.

"Lakini huyu bado anapumua!"

Bernadina alikuwa ameshakaa kiti cha mbele, kadi mkononi.

"Ndiyo, Ta," alisema. "Wenye majembe waambie wasubiri. Dereva, twende Bukoba."