Mashine ya Gemu Niliyoizika Kwenye Ndengu

Mimi nilisoma mpaka darasa la tatu, na kila kitu nilicho nacho nilikitafuta mwenyewe. Nimenunua mbuzi, ng'ombe, shamba la muguka wa kutafuna na pikipiki mbili, na watu walionidanganya sokoni hawafiki watatu. Nasema hivi mapema ili mtu asifikiri kwamba niliuziwa ile mashine ya gemu kwa sababu mimi ni mshamba. Niliinunua vile nilivyoinunua kwa sababu nilikuwa na haraka.

Haraka yenyewe ilikuwa ni mkono wa mke wangu. Alipatwa na kiharusi uani kwetu, huku chini Mbeere, akiwa anapepeta ndengu. Upande wa kushoto wote ukalegea. Mguu ulirudi polepole, akaanza kutembea na fimbo, lakini mkono haukurudi. Daktari wa viungo pale hospitali aliniambia neno moja nikalishika: vidole visipofanyishwa kazi miezi hii ya kwanza, vitakauka hivyo hivyo vilivyo. Akampa mpira laini wa kufinya. Mke wangu aliufinya siku mbili. Siku ya tatu niliukuta kwa mbwa.

"Mimi si mtoto wa kupewa mpira," aliniambia.

"Na huo mkono?"

"Huu mkono umefua nguo zako miaka arobaini. Uache upumzike."

Nilimpa mahindi apukuchue. Akabana hindi kati ya magoti, akapukuchua kwa mkono wa kulia mpaka akajaza ungo, akaniangalia. Nilimkemea, haikusaidia. Mchungaji akaja akamwombea, yeye akaitikia amina vizuri kabisa, na mkono ukabaki pale mapajani kama kitu cha jirani ambacho ameombwa akiangalie kidogo.

Sasa, mkono huo wa kushoto mimi naujua. Kabla ya muguka tulikuwa na chumba cha video pale Ishiara, mabati matupu, benchi sita na jenereta. Kando ya mlango kulikuwa na televisheni ndogo na mashine ya gemu ya kaseti, vijana wanalipa kidogo wanacheza. Mimi nilishughulika na jenereta. Mke wangu ndiye alikusanya pesa, na wateja wakipungua alikuwa akicheza. Ulikuwa mchezo wa matofali yanayoanguka kutoka juu, wewe unayasogeza na kuyageuza yakae sawa bila kuacha shimo. Kidole gumba cha kushoto ndicho kinasogeza. Cha kwake kilikwenda kama cha mtu anayechagua mawe kwenye ndengu, bila kuangalia. Aliwashinda vijana, akawashinda walimu, akamshinda askari mmoja ambaye hakurudi tena. Mimi sikuwahi kucheza hata mara moja. Nilikuwa mtu wa kazi.

Kwa hivyo siku niliyopeleka ndengu Meru, nikapitia soko la Gakoromone kutafuta viazi, nikaona mashine kama ile imewekwa juu ya turubai kati ya pasi za zamani na redio zisizo na mifuniko, nilisimama. Ilikuwa imegeuka rangi, njano kama meno ya mzee. Ilikuwa na rimoti mbili za kuchezea, nyaya zimefungwa kwa mpira wa ndani wa baiskeli, na kaseti moja yenye picha ya matofali iliyobanduka nusu.

"Mzee, unatafutia wajukuu?" muuzaji aliniuliza.

"Natafutia mke wangu."

Alinitazama kama mtu anayengoja mzaha uishe. "Haya. Mama ana bahati."

"Inafanya kazi?"

"Mzee wangu, hii hata juzi ilikuwa inawaka. Stima imepotea tu. Ikirudi nakuonyesha."

Nilikaa juu ya gunia la kabichi nikingoja stima. Haikurudi. Kwa hivyo niliipima kama mtu anavyopima kitu anachonunua. Niliinyanyua nikaona ni nzito, nikaitikisa nikasikia hakuna kilicholegea, nikainusa nikaona hainuki kuungua. Nilifanya kila kitu isipokuwa kuifungua mdomo nihesabu meno. Nikamwambia akiniuzia takataka nitarudi. Akasema nirudi tu, yeye yuko hapo kila siku. Nilirudi baada ya wiki tatu. Pale kwenye turubai lake kulikuwa na mama anauza ndizi, na hakuwa amewahi kusikia habari za mtu wa redio.

Tulikuwa hatujafika hata nusu ya njia ya kurudi nyumbani, mende wa kwanza akatoka kwenye tundu la mashine, akatembea juu ya goti langu. Halafu wa pili. Abiria mwenzangu akasogea.

Mke wangu hawezi mende. Na tena sikutaka aione mashine kabla haijawaka, maana angenicheka. Nilifikiri njia nzima, na nilipofika nilikuwa na jibu. Huku kwetu ndengu huhifadhiwa kwa jivu. Unachekecha jivu la jikoni likawa laini kama unga, unalichanganya na ndengu kwenye pipa, unafunga kabisa. Fukusi hapumui, anakufa, na mbegu inakaa mpaka msimu mwingine. Mama yangu alifanya hivyo, na sisi tunafanya hivyo. Nikasema, kama jivu linaua fukusi aliye ndani ya punje, mende atapona vipi? Nikachimba shimo katikati ya pipa la ndengu, nikaizika mashine na rimoti zake na kaseti yake, nikamwagia jivu zaidi juu kwa usalama, nikafunga. Niliiacha wiki nzima.

Na mende walikufa wote. Hilo sitaki mtu anibishie. Niliwahesabu kumi na mmoja.

Niliipangusa kwa kitambaa, nikangoja mke wangu aende kuota jua, nikaiunganisha na stima. Taa nyekundu iliwaka. Nikachomeka kaseti. Taa ikazima. Nikaichomoa kaseti, nikapuliza ndani kama vijana walivyokuwa wakipuliza pale Ishiara, nikarudisha. Taa ikawaka, ikazima. Nikapuliza tena kwa nguvu mpaka mate yakaingia. Halafu nikageukia televisheni. Nyaya za mashine zina vichwa viwili, cha njano na cheupe. Televisheni yangu ni ya ukutani, bapa, niliinunua mwaka juzi, na nyuma yake kuna matundu ya kila aina lakini hakuna hata moja la duara. Nilikuwa nimeingiza kichwa kati ya televisheni na ukuta niliposikia fimbo.

"Unafanya nini huko nyuma?"

"Nasafisha."

"Tangu lini?"

Nilitoka na utando wa buibui kwenye masikio. Aliiona mashine mezani.

"Hiyo si ile uliyouza?"

"Si ile. Ni kama ile."

"Ile uliiuza nikiwa nimeenda matanga ya mama yangu."

Ni kweli. Biashara ya video ilikuwa imekufa na mnunuzi alikuwa mlangoni. Lakini sikumuuliza.

"Hii haitawaka," alisema, na akarudi juani. Ule mkono alikuwa ameutia kwenye mfuko wa sweta, kama kawaida siku hizo, ili watu wasiuone. Vidole vilikuwa vimeanza kujikunja. Asubuhi nilikuwa nikivinyoosha kwa kiganja changu, na kila wiki niliona vinakataa zaidi.

Nikaipeleka Embu. Kuna fundi mmoja wa redio pale, mzee kama mimi, ndiye alikuwa akitutengenezea vitu zamani. Alifungua skrubu, akainua mfuniko, na jivu likamwagika juu ya meza yake, na punje mbili za ndengu zikabingirika mpaka chini. Aliweka bisibisi.

"Hii ilikuwa kwa jiko?"

"Ilikuwa kwa ndengu."

Nilimweleza, mende, pipa, yote. Akamwita mama wa kibanda cha pili, anayeuza vifuniko vya simu, akaniomba niseme tena. Nikawaambia wacheke, wakimaliza anitengenezee.

"Jivu lenyewe si shida sana," alisema akifuta macho. "Jivu likilowa ndiyo shida, linakula shaba. Ulipuliza?"

"Nilipuliza."

"Kila mtu hupuliza," alisema, akanionyesha meno ya shaba ambayo kaseti huketi juu yake. Yalikuwa yameota kijani.

Akasema nirudi baada ya siku tatu. Nilirudi, kibanda kimefungwa, ameenda kwenye mahari ya mpwa wake. Nilirudi tena, amekwishaisafisha lakini anatafuta kipuri. Mara ya tatu aliiwasha mbele yangu kwenye televisheni yake ya mgongo mkubwa, na matofali yakashuka, na mimi nikashika meza. Nilifika nyumbani nikiwa kama bwana harusi, nikasimama mbele ya televisheni yangu nikiwa na kichwa cha njano na cheupe mkononi, na ndipo nikakumbuka kwamba matundu hayajaota.

Nilimpigia fundi simu. Nilikuwa nimekasirika kweli.

"Mzee, hukuniambia TV yako ni ya ukutani," alisema.

"Hukuniuliza."

"Kuna kisanduku kidogo cha katikati, kinageuza waya. Ninacho. Njoo."

"Unajua Embu ni mbali?"

"Mimi niko Embu, kwangu si mbali."

Nikaenda tena. Sasa nitasema kitu ambacho sikumwambia mtu wakati ule. Ndani ya gari niliwaza kwamba mimi ni mjinga. Mwanamke anashindwa kufunga kifungo cha blauzi yake, na mimi nazunguka na takataka ya watoto kwenye mfuko wa viazi kwa wiki ya tano, miezi ya daktari inaisha. Kama fundi angeniambia siku hiyo kisanduku kimekwisha, ningeitupa mashine kwenye mtaro na kwenda kununua mpira mwingine.

Kisanduku kilikuwako. Jumapili, baada ya kanisa, nilikiunganisha. Kwanza kioo kikawa bluu. Halafu kikawa cheusi. Stima ya kwetu saa za mchana huwa dhaifu, na picha ilikuwa inacheza juu chini kama maji kwenye karai. Tunaishi karibu na bwawa la Kiambere, maji yale yanawasha taa za watu huko mbali, na mimi nilizima friji, taa na redio ili mashine ndogo kama kitabu ipate nguvu. Picha ikatulia, na ule muziki wake ukaanza.

Mke wangu alikuja mpaka mlangoni. Akaja mpaka kitini. Akakaa.

"Lete," alisema.

Nikamwekea rimoti mapajani, nikamshikisha upande wa kushoto, kidole gumba juu ya kile kitufe cha msalaba. Tofali likashuka. Kidole hakikufanya kitu. La pili likashuka juu ya la kwanza, la tatu juu ya la pili, mnara mmoja katikati, mchezo ukaisha. Tukarudia, ikawa vile vile. Mara ya tatu aliigeuza rimoti juu chini, msalaba ukawa kulia, akaanza kucheza kwa mkono mzima.

"Hapana," nilisema. "Hivyo hapana."

"Nacheza."

"Nimezunguka Meru na Embu kwa ajili ya mkono wa kushoto."

"Nilikutuma?"

"Mkono utakauka, mwanamke."

"Basi ukauke," alisema, na sauti yake ilikatika, na nikajua kwamba anaogopa kuliko mimi, na kwamba ameogopa wakati huu wote. Mfuko wa sweta, mpira wa mbwa, yote ilikuwa ni hiyo.

Sijui kubembeleza. Niliigeuza rimoti ikakaa sawa, nikavuta kiti, nikasema, "Wewe shika kulia, ugeuze. Mimi nitasogeza."

Alicheka kwa pua. "Wewe? Hujawahi kushika kitu hiki."

"Anza."

Tofali likashuka. "Kushoto," alisema. Nikabonyeza. "Nimesema kushoto, hiyo ni chini." Lingine likashuka. "Kulia. Kulia mara mbili. Sasa umepitisha." Kidole changu ni kinene, kinabonyeza pande mbili kwa pamoja. Niliacha mashimo kila mahali. Alikuwa anapiga sakafu kwa mguu. "Kushoto. Mzee, kushoto. Unaona nafasi ile pale, hata kipofu anaiona. Sogeza, linashuka, sogeza."

"Nasogeza."

"Husogezi, toa."

Akanisukuma kwa kiwiko, na kidole gumba chake cha kushoto kikaangukia msalaba pale changu kilipotoka. Sikukiona kikisogea. Niliona tofali likisogea. Hatua moja, kushoto. Lilihitaji mbili, kwa hivyo likakaa vibaya, na yeye akatukana kwa Kimbeere neno ambalo wake wa wazee wa kanisa hawalisemi. Mchezo ukaisha.

Kidole kilikuwa bado juu ya msalaba.

"Umeona?" nilimuuliza.

"Nimeona umenipotezea mchezo," alisema, bila kuondoa macho kwenye kioo. "Anzisha tena. Halafu ukae huko kando, na usiguse upande huu."