Jina Lililobaki Kwenye Kanda

Bibi Stamili wa Newala hakuwa mtu wa kuomba, na siku hiyo hakushuka Masasi kuomba. Alifuata ushindi wake.

Redio moja ya pale mjini ilikuta stoo kanda za zamani, mahojiano ya wanamichezo wa mwaka sabini na nne. Kwenye kanda mojawapo alisikika msichana wa shule aliyeshinda mbio za kupanda kutoka bondeni mpaka Newala, miguu peku. Mtangazaji, Sia, binti wa Moshi, alimtaka mshindi huyo azungumze hewani. Wakaja mabibi wawili.

"Shikamooni," alisema Sia, akawasha kanda.

Sauti nyembamba ikacheka. Msichana akasema kilima kile hakukiona kitu, kila alfajiri alikipanda na maji kichwani. Kisha akataja jina lake.

Stamili akageuza uso. Jina ni lake, la utotoni. Mwezi uliofuata aliingia unyagoni, akatoka na jina jipya, lile likaachwa hukohuko. Kwao mwenyewe halitaji tena, na mwingine akikuita nalo amekutukana, atakulipa kuku.

"Ni mimi huyo."

"Lakini bibi, jina ni lingine."

"Nimeshasema ni mimi."

Flora, aliyekuwa wa pili mwaka ule, akajitengeneza kitini. Dawati moja walikaa, alijua kila kitu. "Mwanangu, yule alivuka Ruvuma, akafia Msumbiji. Kwa tulio hai, wa kwanza ni mimi. Au Mama Nurdini huyu alitaje jina lake la zamani, tumsikie."

Alijua hatalitaja. Stamili afadhali ameze gunzi.

"Wa kwanza wewe, Mama Dastani?" Stamili akasema polepole. "Wewe uliyekaa chini kwenye kona unamlilia mama yako, mwalimu akakupandisha kwa baiskeli?"

Uongo mtupu. Flora alikipanda kilima kile kwa miguu yake, tena vizuri, kisigino kwa kisigino nyuma ya mwenzake. Stamili alilijua hilo kuliko mtu yeyote.

Flora akasimama, mtandio ukamwanguka. "Baiskeli? Mimi? Mwongo tangu shuleni, we..." Na jina lile la utotoni likamtoka, lote, na la baba wa Stamili juu.

Mashine ya kurekodi ilikuwa bado inawaka.

"Bibi Flora," Sia akauliza, "umemwitaje?"

Flora akainama kuokota mtandio.

"Amemwita marehemu wa Msumbiji," Stamili akasema. "Sasa sikia, binti. Nitazungumza. Ila jina hilo likate, huko kwenye kanda na humu. Likisikika, nakuja na mchi."

Sia akaomba wapeane mikono, apige picha. Wakaufikia mlango pamoja, mwembamba ule, wakapita wakisukumana mabega, hakuna aliyempisha mwenzake.