Nilisaga viungo kwa posho mill, ugali ya jirani ikanuka rosemary

Wakuu, salamu kutoka Githongo. Hii sijaambiwa na mtu, imenipata mwenyewe. Nikiongeza chumvi mnifukuze hapa.

Na ni chumvi ilileta haya maneno yote.

Baba yangu ana presha. Daktari alimwambia apunguze chumvi kabisa, na zile sacheti za mchuzi aachane nazo. Mzee akagoma. Anaangalia sahani, anasema "hii ni chakula ya mgonjwa," anaisukuma. Wiki mbili hivi, nguo zikaanza kumning'inia. Siwafichi, niliogopa.

Mimi ni mwalimu, kupika nimejifunza kwa simu. Nikaamua kutengeneza viungo vyangu.

Rosemary tunayo kwa fence, ile watu huvunja wakipita. Nikaongeza mbegu za dania, kitunguu saumu, tangawizi, pilipili manga na maganda ya ndimu. Nikaanika juu ya meza ya kuanikia kahawa siku nne nikifukuza kuku.

Baba ananitazama tu. "Mwenda, majani ni ya ng'ombe."

Blender ikatoa moshi. Basi mimi na ujuaji wangu nikabeba mfuko hadi posho mill, pale kijiji kizima kinasagia mahindi. Mwenye mashine alikuwa na mafua, hakusikia harufu yoyote. Kila mtu huku anajua ukimaliza kusaga kitu kali unapitisha pumba isafishe mashine. Mimi nilisahau, nikaenda zangu nikipiga mluzi.

Aliyenifuata kwa laini ni Mama Kendi, jirani yetu, na mahindi yake.

Saa kumi na mbili jioni huyo anaingia kwetu na hotpot. "Mwalimu! Kuja uonje ugali yako! Nyumba yangu inanuka kama duka la dawa, watoto wamekataa kula!"

Akaiweka mezani mbele ya baba, akafunua. Nikaanza kuomba msamaha. Nimeomba weee, kugeuka, baba anamega! Anachovya kwa ile sukuma wiki alikuwa amekataa, anameza, anamega tena.

"Mama Kendi, hii umeweka chumvi ngapi?"

"Chumvi gani, Baba Mwenda? Ni majani ya huyu mtoto wako!"

Baba akatafuna pole pole. "Kumbe ng'ombe wamekuwa wakifaidi hivi!"

Ai! Tulicheka hadi Mama Kendi akashika ukuta. Mimi machozi yalinitoka, na si yote yalikuwa ya kicheko. Mzee alimaliza sahani.

Siku hizi kuku wakikaribia ile meza, ni yeye anawakimbiza na bakora.

Nilichojifunza: mgonjwa usibishane naye, mpikie. Na kwa posho mill usisahau pumba, tafadhali.

Mama Kendi nilimlipa unga wake. Alipokea, akafika kwa gate, akarudi. "Mwalimu, siku ukienda kusaga tena nipigie simu. Nataka kukaa nyuma yako kwa laini."

Nyinyi kwenu mnachanganya nini? Andikeni hapo chini, nitamsomea mzee akikula.